Uhuru Afrika: Santuri Iliyonena Lugha ya Buyenzi

Sauti ya kwanza isikikayo katika santuri hii si ya tarumbeta wala si ya piano, bali ni ya mwanadamu. Na mwanadamu huyo, akiwa katika jiji la New York mwezi wa Novemba mwaka 1960, katika kazi iliyowakusanya wanamuziki zaidi ya ishirini ambao hata mmoja wao hakuzaliwa katika nchi isemayo Kiswahili, ananena Kiswahili. Ngoma zinamwandama kwa chini, kama watu wamsindikizao mgeni wa heshima bila ya kutaka kumpita, naye anasoma kwa taratibu shairi la uhuru lililotungwa kwa Kiingereza na Langston Hughes, likafasiriwa na msomaji mwenyewe. Jina la msomaji ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Jina la santuri ni Uhuru Afrika. Aliyeitunga ni Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, na aliyezipanga sauti zake ni mwanamke aitwaye Melba Liston, ambaye nitarejea kwake kwa kirefu, maana haki yake haijalipwa bado.

Juma lililopita niliisikiliza tena, safari hii Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, saa za alasiri, nikiwa nimeketi juu ya tairi kuukuu mbele ya gereji mojawapo kati ya zile nyingi zilizojaa katika avenyu za mtaa huu, ambazo hazikupewa majina ya watu bali nambari tu. Simu yangu nilikuwa nimeiunga na spika ndogo na kuiweka juu ya kopo la rangi. Mbele yangu fundi kijana alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu yake tu ikionekana, na kandambili moja imemvuka. Nyundo za jirani anyooshaye bati zilikuwa hazitulii, na moshi wa mkaa ulikuwa ukitoka uani ambamo mtu alikuwa akikaanga ndagala. Sanga alipoanza kusema, mkono uliokuwa ukifungua nati ulisita. "Mzee," sauti ilitoka chini ya gari, "huyo ni mtu wa wapi?" Nikamjibu kuwa ni wa Tanganyika. "Na hapo anasemea wapi?" Nikamwambia: Marekani, mwaka 1960. Pakawa kimya kidogo. Kisha kijana akajivuta akatoka, akajifuta mafuta kwa kitambaa, akachutama karibu na lile kopo, akaniomba nirudishe mwanzo.

Nimeisikia santuri hii mara nyingi, na katika nyumba zilizo nzuri kuliko pale, lakini sikupata kuielewa kama nilivyoielewa nilipokuwa nikimtazama kijana yule akiisikiliza. Yeye hakuisikiliza kama mtu apelekewaye habari za ng'ambo. Aliisikiliza kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na asiyemjua, kutoka ng'ambo ya barabara.

Lazima nieleze kwanza kwamba mtu wa Buyenzi akisikia neno jazi, moyo wake hauendi New York. Unavuka mto Rusizi na kuingia Kongo. Jazi kwake ni OK Jazz iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1956, ni African Jazz ya Joseph Kabasele, ni magitaa yapokezanayo maneno na watu wachezao wawili wawili. Na akigeuka upande wa mashariki ni zile bendi za Tanganyika, Western Jazz, Tabora Jazz, Dar es Salaam Jazz, ambazo zote zilijiita jazi bila ya kumwomba mtu ruhusa. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1960, Kabasele na wenziwe walikuwa Brussels wakati wajumbe wa Kongo walipokuwa wakijadiliana na Wabelgiji katika Mkutano wa Meza ya Duara, na huko wakarekodi Indépendance Cha Cha, wimbo ambao ulienea barani mithili ya moto wa kiangazi. Kwa hiyo mwaka ule ulizaa kazi mbili za uhuru: moja iliimbwa kwa Kilingala na kila mwenye redio akaijua, ya pili ilifunguliwa kwa Kiswahili, na wenye Kiswahili hawakuisikia. Sababu haifichiki. Ya Kabasele ilikuwa wimbo wa dakika chache, mwepesi wa kuchezwa na rahisi kununuliwa; ya Weston ilikuwa kazi ndefu ya sehemu nne, ya kuketi na kutega sikio, iliyouzwa mbali na kwa bei isiyo ya mtu wa uswahilini.

Randy Weston alizaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, Frank Edward Weston, mtu mwenye asili ya Panama na Jamaika na mfuasi wa Marcus Garvey, alimlea akimwambia kuwa yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, na kwamba asipoijua historia ya Afrika hataijua yake mwenyewe. Mtoto akakua mpaka akapita mita 2 kwa kimo, na vidole vyake vikawa virefu kwa kadiri hiyo. Hata leo msikilizaji huvitambua kwa jinsi viguswavyo vile vitufe vya piano vya upande wa kushoto, ambavyo wapigaji wengi huvipitia tu, naye akavifanya vilie kama ngoma kubwa. Mataifa 17 ya Afrika yalipokuwa yakipata uhuru wao katika mwaka mmoja wa 1960, Weston alitaka kuyasalimu kwa kazi itakayokuwa na ukubwa wa jambo lenyewe. Akawaendea Waafrika waliokuwa katika Umoja wa Mataifa, akawauliza ni lugha ipi ya Afrika imfaayo kusema kwa niaba ya bara zima; akaelekezwa kwenye Kiswahili.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Buyenzi, na wa Rumonge, na wa Uvira, asimame nami kidogo. Lugha hiyo iliyochaguliwa New York iwe ulimi wa Afrika nzima, hapa ilikuwa na hali gani? Wajerumani walikuwa wameitumia katika utawala wao. Wamisionari wakaichukia kwa kuwa iliwanukia Uislamu. Wabelgiji wakaisukuma kando katika shule. Watu wa Buyenzi, waliotoka Manyema na Ubwari na Ujiji, na kutoka vilima vya Burundi na Rwanda pia, wakachanganyika wakawa kitu kimoja kwa lugha hii na kwa sala zao, waliwekwa katika kile ambacho sheria ya Wabelgiji ilikiita kwa Kifaransa makazi yaliyo nje ya mila. Nje ya mila! Mtu ana mama, ana dini, ana ndoa na mazishi na adabu ya kumkaribisha mgeni, kisha karatasi ya serikali inamwambia kwamba yuko nje ya mila kwa kuwa hana kilima wala chifu. Na jina la Mswahili likawa, katika vinywa vya wengi, jina la mjanja asiye na asili. Maneno hayo sikuyasoma kitabuni. Niliyasikia shuleni nikiwa mtoto, na nilipoyasikia niliinamisha kichwa.

Basi mwaka uleule wa 1960, mtu aliyeporwa asili yake kwa karne tatu alitafuta asili, akaitafuta kwa hamu yote ya moyo wake, na alichokishika mkononi alipoipata kilikuwa hiki hiki tulichoambiwa kuwa hakina asili. Hilo ndilo linifanyalo niamini kwamba Uhuru Afrika ni yetu kwa haki, na kwamba kutoijua kwetu ni hasara.

Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza. Maneno mawili tu, lakini kila aliyekuwa mtu mzima katika Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, angeyafahamu upesi kuliko mnunuzi wa Marekani, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa yakibishaniwa: kama uhuru utangulie na mengine yafuate, au kama watu wangojee kwanza wafundwe na kukomazwa na wale wale waliowafunga. Mwezi huo wa Novemba 1960, wapiga tarumbeta walipokuwa wakizijaribu ala zao New York, uchaguzi wa wilaya ulikuwa ukifanyika Burundi, na Mwanamfalme Louis Rwagasore, kipenzi cha Buyenzi, ambaye tangu mwaka 1957 alikuwa ameshirikiana na wafanyabiashara Waswahili wa mtaa huu katika mpango wake wa vyama vya ushirika, alikuwa amewekwa kizuizini na Wabelgiji ili sauti yake isisikike. Mwaka uliofuata chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64; na kabla mwezi haujatimia tangu ushindi huo, tarehe 13 Oktoba 1961, aliuawa kwa risasi. Uhuru wenyewe ulikuja tarehe 1 Julai 1962 ukamkuta kaburini. Siwezi kuisikiliza sehemu hii ya kwanza, zile sauti za watu zikiliitikia neno uhuru, pasipo kumkumbuka.

Sehemu ya pili ndiyo niipendayo kuliko zote, ingawa ninasikitika kwamba ndiyo pekee iliyoachiwa jina la Kiingereza, African Lady. Weston aliitunga kwa heshima ya mama yake, Vivian, na wanawake weusi wote waliobeba nyumba zao kwa mikono yao. Hughes akaandika maneno, wakayaimba Martha Flowers, mwenye sauti nyembamba ya juu iliyofundwa katika opera, na Brock Peters, mwenye sauti nzito, ambaye miaka miwili baadaye ulimwengu ulimwona katika filamu ya To Kill a Mockingbird akiwa mtu mweusi aliyeshitakiwa kwa uongo. Ngoma, ambazo katika sehemu ya kwanza zilikuwa zikitangulia, hapa zinarudi nyuma kwa adabu.

Nikiisikia, nawaona wajane wa Buyenzi. Katika miaka ya 1950 serikali ya Wabelgiji iliwatoza kodi ya pekee wanawake waishio bila ya waume mjini, kodi ambayo maana yake ilikuwa dhahiri kwa kila mtu: mwanamke asiye na mume ni mwanamke wa kuuza mwili. Mjane aliyemzika mumewe kwa sheria, akakaa eda yake, akawa anakaanga maandazi au kushona ili awalee mayatima, alitakiwa apange mstari, alipe, na achukue karatasi ya kumfedhehesha. Wanawake Waislamu wa mtaa huu walikataa. Walipiga kelele mpaka kelele zao zikaingia katika majalada ya serikali, na wanahistoria wamezikuta humo. Weston hakuwajua, wala wao hawakumjua. Lakini kama kuna wanawake duniani waliostahili kupigiwa muziki ule uani kwao, basi ni hao.

Na muziki ule ulipangwa na mwanamke. Asiyeijua kazi hii huenda akadhani kwamba mtunzi akishatunga, kazi imekwisha, ilhali katika bendi kubwa mtunzi huwa mfano wa mtu aliyeleta jora la kitambaa kwa fundi cherehani: kitambaa ni chake, ni kizuri, lakini vazi bado. Ni mpangaji ndiye akataye, aamuaye kwamba noti hii ipewe tromboni na ile ipewe filimbi, kwamba hapa watu wanane wanyamaze ili besi isikike, na pale wote waingie kwa pumzi moja. Melba Liston, aliyezaliwa Kansas City mwezi wa Januari mwaka 1926, alikuwa mpiga tromboni, ala ambayo siku zile haikudhaniwa kuwa ya mwanamke. Alikuwa amepiga na Gerald Wilson, amesafiri na Billie Holiday katika majimbo ya kusini ya Marekani, safari iliyomvunja moyo hata akauacha muziki kwa muda akawa karani, kisha akaitwa tena na Dizzy Gillespie akasafiri naye mwaka 1956 mpaka Mashariki ya Kati. Weston alisema mara nyingi na waziwazi kuwa bila ya Melba kazi zake kubwa zisingekuwapo. Tega sikio katika African Lady jinsi ala za pumzi zinavyoizunguka sauti ya Flowers bila ya kuigusa, na utafahamu kwamba mkono ulioandika vile ulikuwa mkono wa mtu ajuaye maana ya kuachiwa nafasi, na maana ya kunyimwa.

Katika miaka ya 1970 Melba alikwenda Jamaika akafundisha vijana muziki. Mwaka 1985 alipatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalegea, tromboni ikawekwa chini; hata hivyo aliendelea kupanga muziki kwa msaada wa kompyuta, na akamfanyia Weston kazi nyingine kubwa kabla ya kufariki mwaka 1999.

Wapigaji wengine ni wengi mno, nami nitawataja wachache tu: Clark Terry na kijana Freddie Hubbard, ambaye alikuwa na miaka 22, katika tarumbeta, Slide Hampton katika tromboni, Kenny Burrell katika gitaa, George Duvivier na Ron Carter katika besi, Max Roach, ambaye mwaka huohuo alikuwa amekwisha rekodi kazi yake mwenyewe ya kudai uhuru, We Insist!; na upande wa ngoma Babatunde Olatunji wa Nigeria pamoja na Wakuba wawili, Candido Camero na Armando Peraza. Lakini nilipomtajia yule fundi majina ya wapiga saksafoni na filimbi, alinitazama kwa mshangao: Yusef Lateef, Sahib Shihab. "Waislamu?" Naam, Waislamu, waliosilimu katika miaka ya 1940 kwa njia ya Ahmadiyya, madhehebu ambayo mashekhe wetu wa pwani waliyapinga, nayo ndiyo iliyochapisha Nairobi mwaka 1953 ile tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyomsukuma Sheikh Abdullah Saleh Farsy kuleta ya kwake. Gigi Gryce naye alisilimu akajiita Basheer Qusim, akaiacha saksafoni, akawa mwalimu wa watoto katika shule za New York, na shule mojawapo ikaja kupewa jina lake hilo la Kiislamu.

Sehemu ya tatu ni Bantu. Msikilizaji wa Ulaya hulisoma neno hili kama jina la kundi la lugha, na mtu wa Afrika Kusini wa siku zile alilijua kama neno la serikali ya ubaguzi, lililochafuliwa kwa kuandikwa juu ya mabango na vitambulisho. Lakini Burundi neno hili halina haja ya mkalimani. Mrundi wa kilimani husema abantu, Mswahili wa Buyenzi husema watu, na wote wawili wanasema jambo moja. Neno hilo moja, lililowekwa juu ya mapigo yazidiyo kukusanyika mpaka yakajaa chumba, huunganisha kilima na mtaa ambavyo sheria ilivitenga. Natamani tu ingalikuwamo na ngoma yetu. Zilizomo ni za Nigeria na za Kuba, nazo ni za kustahiwa. Lakini zile za Burundi, zinazopigwa na watu wengi kwa pigo moja, na ambazo UNESCO iliziandika katika urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, zilingoja mpaka Wafaransa walipokuja kuzirekodi baadaye katika miaka ile ya 1960, zikachukuliwa, zikatiwa katika nyimbo za watu wa mbali, hata katika The Jungle Line ya Joni Mitchell ya mwaka 1975.

Serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku Uhuru Afrika mwaka 1964. Kwingineko haikupigwa marufuku, iliachwa tu. Weston mwenyewe alikwenda Lagos mwaka 1961, akazizunguka nchi 14 za Afrika mwaka 1967, akaishi Moroko miaka kadhaa akijifunza kwa Wagnawa wa Tangier, watu wenye asili ya kusini mwa Sahara. Mwezi wa Novemba mwaka 2010, miaka 50 ilipotimia, kazi nzima ilipigwa tena New York, naye akiwa mzee wa miaka 84 kwenye piano. Alifariki tarehe 1 Septemba 2018. Buyenzi, santuri nyingi zilizokuwa majumbani zilipotea katika machafuko ya mwaka 1995, watu walipokimbilia Uvira na kilichoweza kubebwa kichwani tu. Sidhani kwamba hii ilikuwamo, lakini sasa inapatikana kwenye simu ya mtu yeyote.

Tulifika sehemu ya nne, Kucheza Blues, jua likiwa limekwisha kuinamia upande wa Kongo. Fundi alicheka kwa furaha aliposikia jina. Akaniuliza kama ni kucheza ngoma au kucheza mchezo, nami nikamwambia kuwa Kiswahili hakikumlazimu Weston achague, na kwamba alikusudia siku ile ambayo watu weusi wa dunia nzima watakuwa huru na kusherehekea pamoja. Tarumbeta ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kusimulia, kijana anayatikisa mabega, mnyoosha bati amekuja amesimama mlangoni na nyundo yake. Ndipo adhana ya magharibi ikapanda kutoka msikiti wa avenyu ya pili, ikajibiwa na wa avenyu ya tano, na mkono wa fundi ukawa mwepesi kuliko wangu: aliufikia muziki kabla yangu, akauzima, akatia miguu katika kandambili, akateka maji katika ndoo. Aliporudi kutoka msikitini, gari lingali juu ya mawe, gurudumu moja halijafungwa, alichutama palepale penye kopo la rangi.

"Mzee," akasema, "tuliishia kwenye tarumbeta."